Eti spika mpya "zilainike" kwanza: yaliyonikuta Mwanjelwa

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Spika mbili nilizonunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, majuzi sizipi hata nyota moja. Au niseme hivi: duka ndilo halipati kitu. Spika zenyewe nitazifikia.

Hela ilikuwa ya viazi, si ya kuokota. Nikazifikisha nyumbani Uyole, nikaziunga kwenye amplifaya yangu ya siku zote, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Sauti za juu safi kabisa. Besi hakuna! Napiga rumba, gitaa la besi halisikiki, na mwimbaji hakai katikati, anaelea tu chumbani, hujui anaimbia kona gani.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta hata shikamoo hakunipa, macho kwenye simu. "Mzee, spika mpya huwa ngumu. Zipige masaa 100 hivi, zitalainika, besi itakuja yenyewe." Nikamuuliza mbona zile walizonijaribishia zilikuwa na besi. "Zile zimeshapigwa sana."

Nilimsikiliza kwa sababu jambo lenyewe si uongo mtupu. Koni ya spika imeshikiliwa na mpira wa pembeni na kitambaa cha mikunjo nyuma yake. Vikiwa vipya vimekaza, vikitumika vinalegea kidogo, na kwa baridi letu la Juni na Julai mpira unakakamaa zaidi. Lakini ni kidogo! Waunda spika wanapiga hesabu za boksi kwa vipimo vya Thiele, mhandisi wa Australia aliyeandika juu yake mwaka 1961, na Small aliyeendeleza kazi hiyo. Kwa vipimo hivyo, koni ikilegea baadhi ya namba zinapanda na nyingine zinashuka, na ndani ya boksi lile lile zinakaribia kufidiana, kwa hiyo besi haibadiliki sana. Sehemu kubwa ya kulegea kwenyewe inatokea mapema sana, koni inapoanza kucheza kwa nguvu. Baada ya hapo kinachozoea zaidi ni sikio.

Basi nikazipiga, asubuhi hadi usiku, umeme ukiwepo. Hakuna kilichobadilika. Niliporudi tena, yule kijana akanionyesha risiti: kurudisha mwisho siku 7. Nikamwambia wewe ndiye uliyenituma nikasubiri. Mbele ya wateja akasema, "Wazee wengine masikio yameshachoka," watu wakacheka. Neno hilo bado linanichoma. Na fanyeni hesabu: masaa 100 ndani ya siku 7 ni zaidi ya masaa 14 kila siku. Nani mwenye familia na majirani anapiga muziki masaa 14? Ushauri ule unamaliza siku zako za kurudisha mzigo, basi.

Nikazibeba kwa fundi pale Kabwe. Mtu mpole, hakuuliza umri wa masikio yangu. Alichukua betri ndogo ya volti 1.5, akaigusisha pale nyuma panapoungwa waya, chanya kwa nyekundu. Koni kubwa ya kulia ikaruka nje. Ya kushoto ikavutika ndani. Akafungua skrubu za ile ya kushoto: waya za ndani zimegeuzwa tangu kiwandani. Spika moja inasukuma hewa, nyenzake inaivuta, besi zinafutana. Ungezipiga masaa 1,000, waya haujigeuzi.

Akazigeuza waya zile, akazichomelea kwa risasi, tukawasha pale pale. Jamani! Gitaa la besi likasimama, mwimbaji katikati, ngoma ina kifua. Nilimwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mpaka akaona aibu. Kwa hiyo spika hizi ni nzuri, nasema kwa moyo mmoja, kwa bei ile hujapata bora. Hapana, sitasema nzuri moja kwa moja. Kiwanda kinachogeuza waya kinahitaji mtu wa kukagua. Ila nazibakiza.

Mkinunua za kwenu, besi ikikosekana siku ya kwanza, msisubiri. Geuzeni waya za spika moja tu pale nyuma. Besi ikiongezeka ghafla, zilikuwa zinapingana. Warudishieni siku hiyo hiyo, risiti mkononi. Atakayewaambia zilainike, mwambieni aandike kwenye risiti kwamba siku 7 zitaanza baada ya hayo masaa 100. Mimi hela ya fundi naidai kwa duka lile, na nitaidai mbele ya wateja.