Ziara ya Athens: kupanda nilipandishwa, kushuka nikajitafutia njia

Nimeipa nyota tatu kati ya tano, na zote ni za mwongozaji, si za kampuni. Tangazo lao liliahidi kuinuka na kuanguka kwa Wayunani wa kale, saa nne kwa miguu. Mimi Wayunani niliwajua wa kwenye Biblia tu, wale waliomsikiliza Paulo pale Areopago na wengine wakamdhihaki, basi nikalipa. Kumbe tiketi ya kuingia Akropolis, kilima chenye mahekalu ya kale, haimo kwenye bei. Imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi.

Mwongozaji ni mama wa makamo, na kazi yake anaijua. Hakuanza na mahekalu, alianza na fedha. Mwaka 483 KK ulipatikana mshipa mnono wa madini ya fedha kule Laurion, kusini mwa Athens, machimbo yaliyofanyiwa kazi na watumwa. Wananchi walitaka wagawane. Kiongozi wao Themistokles akawashawishi wajenge merikebu za vita, na mwaka 480 KK merikebu hizo zikawapiga Waajemi huko Salamis. Baadaye miji ya visiwani na pwani ikawa inaichangia Athens kila mwaka ili Waajemi wasirudi. Hazina ilitunzwa kisiwani Delos, mwaka 454 KK ikahamishiwa Athens, na mwaka 447 KK ujenzi wa Parthenon, lile hekalu kubwa la juu ya Akropolis, ukaanza. Hapo mama akanyamaza, akatuacha tujumlishe wenyewe. Ni kama mtaa mzima uchangie sungusungu halafu mwenyekiti aporomoshe ghorofa! Inasemekana hata wapinzani wa Perikles, kiongozi wa Athens aliyesukuma ujenzi huo, walimpigia kelele kwa jambo hilohilo.

Kilichonikamata zaidi si hekalu bali vigae. Chini, pale Agora, uwanja wa soko la kale, kwenye makumbusho ya Stoa ya Attalos, kuna vipande vya vyungu vilivyokwaruzwa majina ya watu. Athens ilikuwa na kura ya kumfukuza mtu mjini kwa miaka 10, bila kesi wala kosa lililotajwa, mradi kura zifike 6,000. Na jina lililojaa kwenye vile vigae ni la nani? Themistokles. Aliyewaokoa Salamis walimtoa kwa kipande cha chungu, akaishia kufia kwa Waajemi walewale. Kwa nusu saa ile peke yake ningelipa tena.

Sasa malalamiko. Katika saa nne zile, dakika arobaini na tano nzima tulizitumia ndani ya duka la viatu vya ngozi ambalo hakuna aliyeliomba. Huko kuanguka tulikolipia tulikupata mlangoni mwa duka, kwa pumzi moja: Sparta, mji hasimu wa Athens, ikashinda, Makedonia ikaja, Roma ikamaliza, asanteni, msisahau kutupa nyota.

Kesho yake nikaenda peke yangu Kerameikos, makaburi ya kale, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Monastiraki. Watu wachache, kobe wanajitembelea majanini. Kuanguka kwenyewe kumelala pale. Kuna mabaki ya ukuta uliojengwa mbiombio baada ya Waajemi kuchoma mji, hadi mawe ya makaburi yakatiwa humo. Ndani ya kuta za mji huo ndimo watu wa mashamba walimojazana vita na Sparta vilipoanza mwaka 431 KK, na mwaka uliofuata tauni ikawafyeka. Perikles naye akafa mwaka 429 KK. Karibu na hapo, miaka ya 1990, wajenzi wa treni ya chini ya ardhi walikuta kaburi la halaiki la wakati huo.

Nje ya lango kuna kaburi jingine, la askari wa Sparta waliouawa mwaka 403 KK. Athens ilikwisha kusalimu amri mwaka mmoja kabla, meli zake zimepotea na njia ya nafaka kutoka Bahari Nyeusi imekatwa, na sasa washindi wanazikwa mlangoni pake. Lakini mwaka huohuo wananchi wakarudisha utawala wao, na wanafalsafa Plato na Aristotle wakafundisha baada ya hapo. Uhuru ulikuja kuwatoka mwaka 338 KK, walipopigwa na mfalme Filipo wa Makedonia huko Chaironeia. Na Sulla, jemadari wa Roma, alipouvamia mji mwaka 86 KK, alipenya upande huuhuu wa makaburi. Mambo yote hayo, mama wa watu angeyasimulia vizuri kuliko mimi, kama si viatu.

Ukiwachagua hawa, uliza mapema kama kuna duka njiani. Na soli ziwe zinashika: marumaru ya juu imesuguliwa na nyayo hadi inateleza kama sabuni, nami nilikaa chini mara mbili bila kukaribishwa.