Laptopu ya kugawa terminali: hesabu pikseli za kioo kabla ya kuuliza RAM

Msimu wa korosho ukianza, hela ikishaingia Mtwara, meseji ninazopata kwa vijana wanaosoma kompyuta, wanaoshinda kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), hufanana. "Dada, nimenunua laptopu, RAM 16, SSD ipo, lakini nikigawa terminali vipande vinne sisomi kitu." Mimi huuliza jambo moja: kioo kina pikseli ngapi, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha? Jibu huwa "inchi 14".

Inchi si pikseli. Kioo cha inchi 14 kinaweza kuwa na pikseli 1366 kwa 768, na kingine cha inchi 14 hizo hizo kikawa na 1920 kwa 1080. Ukifungua dirisha moja tu hutaona tofauti kubwa. Gawa sasa. Kwenye tmux, programu ya kugawa terminali, bonyeza Ctrl na b kisha %, unapata kushoto na kulia. Ctrl na b kisha alama ya nukuu ("), unapata juu na chini.

Chukua fonti inayosomeka bila kukodoa macho, kila herufi pikseli 10 kwa upana na 20 kwa urefu. Kioo cha 1366 kinabeba herufi 136 kwa upana, kwa hiyo kila upande unabaki na 67. Kwa urefu, ukitoa nafasi ya mwambaa wa chini na kichwa cha dirisha, kila kipande kina mistari 16. Fungua htop humo, programu inayoorodhesha prosesi, yaani kazi zinazoendelea kwenye kompyuta: vipimo vya prosesa na kumbukumbu vinakula karibu nusu, na prosesi zenyewe unaziona chache tu. Mistari ya git diff, amri inayoonyesha mabadiliko kwenye faili, inakatikakatika hadi hujui lililofutwa ni lipi na lililoongezwa ni lipi.

Kioo cha 1920 kwa 1080, kwa fonti ile ile, kinakupa vipande vinne vya herufi 95 kwa mistari 24. VT100, mashine ya terminali iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na herufi 80 kwa mistari 24, na hadi leo programu nyingi za terminali zinachukulia kwamba una nafasi hiyo. Yaani kioo kimoja kinakupa terminali nne kamili. Ndiyo maana sibishani na mtu kuhusu prosesa kabla hatujamaliza habari ya kioo.

Chaguo langu la kwanza ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018, na sifichi kwamba naipendelea. Kibodi yake inavumilia mtu anayeandika amri kutwa nzima. Tena ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoweza kuichomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine. Umeme ukikatika ukiwa na vipande vinne vinafanya kazi, hilo ndilo litakalokuokoa. Kazi iliyo kwenye tmux ya seva ya mbali utairejea ilipoishia kwa amri ya tmux attach hata mtandao ukikatika, lakini iliyo kwenye laptopu yako inakufa pamoja na laptopu.

Hapa ndipo wengi wanapoumia: T480 ilitengenezwa na vioo vyote viwili, 1366 na 1920. Jina la modeli halikulindi hata kidogo. Ipo pia ya 2560 kwa 1440, ila kwa inchi 14 herufi zinakuwa ndogo mno usipokuza fonti, na ukikuza faida inapungua.

Ya pili ni Dell Latitude 7490, mradi ni ya 1920. Ya tatu HP EliteBook 840 G3, kwa sharti hilo hilo. Mwenye uwezo zaidi atafute ThinkPad T14 Gen 3 ya 1920 kwa 1200; kila kipande kinaongezeka mistari mitatu, na hiyo mitatu utaiona. Za bei ya chini zenye 1366, gawa vipande viwili tu, basi.

Sasa wauzaji. Karibu na soko kuu utakuta laptopu imebandikwa karatasi ya "Full HD", yaani 1920 kwa 1080, na ndani kioo ni 1366. Ukihoji, unaambiwa ukiunganisha na televisheni itatoa Full HD. Televisheni ndiyo ninayonunua? Mwingine hakuwashii mpaka utoe hela, na bei ni ya Kariakoo, juu yake nauli ya kifurushi kwenye basi, juu yake tena nyongeza ya msimu wa korosho, eti kwa sababu wanajua mna hela. Kisha ukirudi kulalamika, "kioo utabadilisha Dar". Huo ni wizi, na mwanafunzi wa TIA, chuo cha uhasibu, aliyeuza gunia za mzazi wake hastahili kufanyiwa hivyo.

Iwashwe mbele yako. Kwenye Windows bofya kulia juu ya eneo tupu la skrini, fungua mipangilio ya skrini, usome namba ya pikseli. Usiichanganye na ile asilimia ya ukuzaji. 125 au 150 haibadilishi kioo. Kwenye Linux andika xrandr ndani ya terminali. Kisha mwambie muuzaji aandike 1920 × 1080 kwenye risiti, pembeni ya jina la modeli. Akikataa, beba hela yako uondoke.