Bamba la plastiki la mguu: linafaa, ila Mbeya ni milima

Kwa aliyeumia ubongo miaka mingi nyuma na bado anaburuza kidole cha mguu, bamba la plastiki linalotoka chini ya unyayo hadi karibu na goti ni msaada wa kweli. Kidole hakikwami tena kwenye kokoto. Pia ni jepesi.

Tatizo ni mteremko. Lile gumu lisilo na bawaba huzuia kifundo kukunjika, kwa hiyo mtu akishuka, goti husukumwa mbele ghafla. Hapo ni rahisi kuanguka. Mwambie fundi anayelitengeneza mapema kama nyumbani ni mlimani. Lenye bawaba huenda likafaa zaidi, mradi misuli ya shavu la mguu haijakaza sana.

Vaa soksi ndefu isiyo na mikunjo. Sukuma kisigino hadi mwisho, funga kwanza mkanda wa kifundo, kisha wa juu. Siku ya kwanza saa moja inatosha, halafu vua ukague ngozi. Wekundu usiotoweka ndani ya dakika 30 maana yake linabana: lirudishwe likarekebishwe, lisizibwe kwa pamba. Mwenye ganzi hasikii kidonda, kwa hiyo macho ndiyo mlinzi.

Viatu visake mitumbani, soko la Mwanjelwa: vya kamba, namba moja zaidi, soli ya ndani inayotoka. Ndala hapana.

Na baridi ya Juni isikudanganye ulipashe bamba moto kwenye jiko. Plastiki hii huundwa kwa joto, na kwa joto hupinda.