Uzoefu wangu na tiketi za stendibai kutoka Entebbe: kampuni zikiungana, wewe hesabu mara mbili

Tiketi ya punguzo ya mfanyakazi wa kampuni ya ndege, ile ya stendibai ambayo unapanda tu kiti kikibaki, ni raha, mpaka pale kampuni mbili za ndege zinapooana. Nimezitumia vya kutosha kutoka Entebbe kupitia Amsterdam, Brussels na Nairobi, na bei yake naipa nyota tano. Maelezo anayopewa mtu wa stendibai wakati wa muungano nayapa mbili, tena kwa huruma.

Tangazo la muungano halibadilishi kitu kaunta. Kinachobadilisha ni siku mifumo ya buking inapokuwa mmoja. United na Continental ziliungana kisheria Oktoba 2010, zikapata cheti kimoja cha kurusha ndege Novemba 2011, na buking ikawa moja 3 Machi 2012. Ni miezi 17. American na US Airways zilichukua karibu miaka miwili, Desemba 2013 hadi Oktoba 2015. Wengine hawachanganyi kabisa: KLM na Air France zina mama mmoja tangu 2004, Brussels Airlines ni mali ya Lufthansa yote tangu 2017, lakini namba za safari za KLM bado zinaanza na KL na za Brussels bado zinaanza na SN.

Hapo ndipo safari za namba mbili zinapowaumiza watu. Ndege ya KLM ya Entebbe inaweza kuuzwa pia kwa namba ya Air France au Delta. Abiria aliyelipa nauli kamili hajali. Wewe mwenye ZED, yaani tiketi ya punguzo ambayo kampuni za ndege huuziana kwa wafanyakazi wao, lazima ujali, kwa sababu tiketi yako inafanya kazi kwa kampuni inayorusha ndege yenyewe, si kwa iliyobandika namba yake juu. Kabla ya kujilisti (kuingiza jina kwenye orodha ya stendibai), tafuta mstari mdogo unaosema ndege inaendeshwa na nani, kisha tumia namba ya huyo. Mfumo mzuri utakukataa palepale ukikosea. Mbaya ni ule unaokubali na kukata hela: jina lako linaingia kwenye orodha ya kampuni ambayo haina ndege Entebbe usiku huo, na wa kaunta akitafuta haoni kitu.

Lodi nayo, yaani hesabu ya viti vilivyojaa na vilivyobaki, isikudanganye. Skrini nyingi za buking huonyesha viti tisa kwa daraja la nauli, haziendi zaidi, na kampuni inayouza kwa namba yake inaweza kuwa inaona mgao wake tu. Uliza watu wa kampuni inayorusha maswali matatu: waliobukiwa wangapi, viti vinavyofanya kazi vingapi, na waliolisti mbele yangu wangapi. Kwa Entebbe ongeza la nne: uzito. Tumboni mwa ndege za Ulaya husafiri minofu ya samaki na maua, na mzigo uliolipiwa unakutangulia. Ndege inaweza kuondoka na viti vitupu huku wewe umebaki na mkoba wako. Ikiwa safari inapitia Kigali pia, viti unavyoviona vinaweza kuwa vya watu watakaopandia huko.

Foleni ya stendibai ndiyo inayobadilika vibaya zaidi. Kwa kawaida wafanyakazi wa kampuni yenyewe hutangulia, halafu wa kampuni dada, halafu sisi wa nje. Muungano ukikamilika, maelfu ya waliokuwa wa nje wanakuwa wa ndani na wewe unasukumwa chini bila kuarifiwa. Angalia pia namna wanavyopanga: wapo wanaofuata tarehe ya kuajiriwa, wapo wanaofuata saa ya kuchekin. Ikiwa ni ya pili, chekin dakika ileile inapofunguliwa.

Jambo lisilosemwa ni mkataba. ZED ni makubaliano ya kampuni na kampuni. Kampuni ikimezwa, makubaliano yake na mwajiri wako yanaweza kufa nayo, na yaliyobaki ya mmezaji huenda yana kiwango kingine cha nauli au hayawataji wazazi wako. Muulize mtu wa tiketi za wafanyakazi kazini kwako mambo mawili tu: tuna mkataba na nani baada ya tarehe ya kubadili mfumo, na unawahusu ndugu gani.

Mizigo: beba mkoba wa mkononi kila unapoweza. Begi la stendibai huwekwa pembeni mpaka upate kiti, na kati ya kampuni mbili zisizo na mfumo mmoja usitegemee lifike mwisho wa safari. Viza iwe ya kila nchi unayoweza kukwama, maana ukikosa ndege ya pili, kulala nje ya uwanja kunahitaji ruhusa ya kuingia.

Tiketi usiyoitumia hurudishiwa hela kupitia mwajiri wako, lakini muda wake ni mfupi. Omba kabla ya siku ya kubadili mfumo, na piga picha namba ya tiketi, tarakimu zote 13. Baada ya siku hiyo rekodi inaweza kuhamishiwa namba mpya, na mhasibu wako ataendelea kuitafuta ile ya zamani.