Masomo ya saluni Lubumbashi: pesa ya shule inarudi baada ya muda gani?

Ubao wa kituo cha usuki na urembo, kiwe kwenye mitaa yetu ya Kenya, Katuba au Kampemba, huandika vitu viwili: miezi ya masomo na minervali, yaani karo ya mwezi. Mengine mzazi huyajua akiisha kulipa. Kuna pesa ya kuandikishwa, vifaa, bluzi ya kazi, jury ya mwisho (mtihani), breve yenyewe (cheti), na kila siku taksi-basi ya kwenda na kurudi. Tupige hesabu ya mfano, kila mtu aweke bei aliyoambiwa yeye. Kuandikishwa dola 20. Minervali dola 30 kwa miezi 6, yaani 180. Vifaa na bluzi 120, jury na breve 40. Taksi-basi siku 24 za mwezi, nusu dola kila safari, inafika 144. Jumla 504, na ubaoni mtu alisoma 30. Kama msichana alikuwa anauza kitu sokoni na sasa ameacha, faida hiyo nayo iingie kwenye karatasi. Mama anayelipa kwa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, afikiri mara mbili, maana zamu yake ya kupokea haiji kila mwezi.

Kwenye vifaa, anza na kichwa cha mazoezi. Vingi vinavyouzwa kwa bei ndogo vina nywele za nailoni. Kwa kusuka vinafaa kabisa. Ukivipitishia pasi ya moto nywele zinayeyuka, na ukivipaka dawa ya kudefriza, yaani ya kunyoosha nywele, hujifunzi chochote. Kichwa chenye nywele za binadamu ni ghali, tena kwa somo la kukata huisha haraka: nywele zake hazioti tena. Kituo kinachodai pesa ya vifaa halafu kinatoa kichwa kimoja cha nailoni kwa wanafunzi watano, kimekuuzia kitana.

Kudefriza ndiko kunakotenga shule nzuri na shule mbovu. Dawa hii ni alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hupita 12, na kosa lake halifutiki. Mwanafunzi atoke akijua kwamba dawa ya hidroksidi ya sodiamu na ile ya guanidini inayochanganywa kutoka vikopo viwili ni vitu viwili tofauti. Hii ya pili ikiisha kuchanganywa haiwekwi kwa ajili ya mteja wa wiki ijayo. Ajue kuuliza kabla ya kufungua kopo: umekuna kichwa jana? umeosha? una kidonda? mara ya mwisho ni lini? Chini ya wiki 8, mteja arudi nyumbani. Vazelini ipakwe kwenye paji la uso, masikio na shingo. Dawa iwekwe kwenye nywele mpya za shinani tu, kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Anayeipitisha hadi ncha kila mara ndiye anayekatisha nywele pale mpya zinapokutana na za zamani, kisha lawama anaiangushia dawa. Na nywele zilizowahi kutiwa dawa ya kukunja ya thioglikoleti hazipewi hidroksidi: zinakatika mkononi.

Baada ya hapo ni maji, maji mengi, halafu shampuu ya kuzima dawa, ile inayobadilika rangi kama dawa bado imebaki, irudiwe mpaka povu liwe jeupe. Hapa mji wetu una mtihani wake. Bomba likikauka dawa ikiwa kichwani, hakuna pa kukimbilia. Kituo kinachofundisha vizuri kinajaza mabidoni (madumu ya maji) kwanza, kopo linafunguliwa baadaye. Ukitembelea kituo usione hata bidoni moja la akiba, toka. Kwa upande wa vinyozi, tazama kama mashine inapigwa brashi na meno yake kupanguswa kwa alkoholi ya asilimia 70 kati ya kichwa na kichwa. Wasipofanya hivyo, wanafundisha kugawa mapunye.

Sasa mapato. Saluni nyingi humlipa fundi asilimia ya kazi yake. Tuseme kichwa kimoja ni dola 5 kwa wastani na fundi anapata asilimia 40, yaani dola 2. Fundi mpya mwenye kichwa kimoja kwa siku anapata 48 kwa mwezi; ondoa taksi-basi 24, inabaki 24. Zile dola 504 zitarudi baada ya miezi 21. Mwenzake aliyesoma naye darasa moja, mwenye vichwa vitatu kwa siku, anabaki na 120, na anamaliza deni ndani ya miezi minne na kidogo. Breve ni moja, minervali ni moja.

Kwa hiyo mkono mwepesi ni pesa, na jambo hili shule chache hulipima. Rasta ndogo za dola 10 zikimchukua mtu saa 7, siku yake imekwisha na ameshika dola 4. Muulize mwalimu kama anatumia saa ya ukutani darasani. Tena usipige hesabu kwa Desemba, kwa wiki ya tarehe 8 Machi au kwa Jumamosi za ndoa. Piga kwa Januari, watu wakiwa wamemaliza pesa kwenye sikukuu.

Kukodi kiti ndani ya saluni, je? Tuseme kiti ni dola 60 kwa mwezi na dawa unajinunulia, dola 1 kwa kichwa. Unabaki na 4 badala ya 2, kwa hiyo unahitaji vichwa 30 kwa mwezi ili kodi ikae sawa na asilimia. Chini ya hapo, baki kwa mama mwenye saluni.

Swali la faida ya masomo haya si letu peke yetu. California, ambako kukata nywele na kuzitia dawa hakufanywi bila leseni, ilishusha saa za masomo kutoka 1,600 hadi 1,000 kuanzia Januari 2022. Huku kwetu mteja haombi kuona breve, anaangalia kama mstari wa kichwani umenyooka. Breve itakufaa ukitafuta kazi hotelini au ukitaka kufundisha.

Hukumu yetu: kituo chenye saluni yake ya wateja kinastahili pesa, hata kikizidi wengine kwa dola 10 za mwezi. Kituo cha madaftari na kichwa cha nailoni hakistahili hata nusu. Kujifunza moja kwa moja saluni ni rahisi mfukoni, ila miezi ya kwanza huishia kufagia na kuosha vichwa, na somo la dawa mara nyingi hulipati kabisa; pataneni mapema ni mwezi gani utashika kitana.

Kabla ya kulipa, nenda siku ya kawaida saa 8 mchana, ukae, uhesabu. Wanafunzi 25 na wateja 6 kwa siku maana yake kila mmoja anashika kichwa cha kweli mara moja kwa siku nne, karibu vichwa 35 kwa miezi yote 6. Wakikuambia wateja wengi walikuja jana, omba kuona daftari la jana.