Mkopo wa HELB kwa anayesomea uuguzi: maoni yangu mimi ninayekatwa

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, wadogo zangu wa Ahero na Bondo hunipigia simu na swali lile lile: dada, nikichukua HELB nisomee uuguzi, mshahara utaweza kuulipa? Mimi ni muuguzi wa digrii katika hospitali ya binafsi hapa Kisumu, na mkopo wangu wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, bado naulipa. Nawajibu wote hapa.

Kwa bei, HELB haina mpinzani. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi, yaani 12 kwa mwaka, na benki huzidi hapo. Mimi nilikopa shilingi 180,000 kwa miaka minne ya masomo. Riba ya mwaka wa kwanza kwa deni kama hilo ni takriban 7,200. Mama yangu anauza omena soko la Jubilee; hakuna mtu mwingine ambaye angemkopesha binti yake kwa bei hiyo bila hati ya shamba. Kwa hilo naishukuru HELB kwa moyo wangu wote.

Kinachoumiza ni faini. Sheria inakutaka uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, uwe na kazi au usiwe nayo. Ukinyamaza bila kulipa, faini ni 5,000 kila mwezi. Piga hesabu: mwaka mzima wa kunyamaza ni 60,000, zaidi ya mara nane ya ile riba. Juu yake jina linapelekwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni.

Sasa tazama njia ya muuguzi wa digrii. Anamaliza darasa, anangoja kupangiwa intanshipu, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, anaifanya mwaka mzima, ndipo aanze kusubiri kaunti itangaze nafasi. Ule mwaka wa neema umekwisha kabla hajapata mshahara wa kudumu. Hata madaktari hawajanusurika: mgomo wao wa 2024 ulidumu siku 56, na moja ya sababu ilikuwa malipo ya madaktari wa intanshipu. Mkataba wao na serikali wa 2017 ulisema 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema 70,000.

Mimi katika kipindi changu cha kusubiri nilifanya zamu za usiku kwenye kliniki moja ndogo huko Kondele, 1,000 kwa usiku, na mara nyingine pesa zilichelewa mpaka mwezi uliofuata. Nilikuwa nikitoa ya HELB kwanza, naituma kwa M-Pesa, halafu ndipo naangalia kodi ya nyumba Manyatta. Kila mwezi zamu nne za usiku zilikuwa za deni. Ni uchungu, lakini faini haikunigusa.

Leo mshahara wangu kabla ya makato ni 38,000. SHA, bima ya afya ya serikali, inachukua 1,045, ushuru wa nyumba 570, HELB 4,000, bado NSSF ya uzeeni na kodi ya mapato. Kwa mwendo huo deni la 180,000 linaisha kwa miaka minne na ushei. Linabebeka. Lingekuwa mara tatu, nisingeweza, maana mshahara wa muuguzi haupandi kwa sababu deni lake ni kubwa.

Kuna wanaoniambia watalipa wakifika Uingereza. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa 2021 kuhusu wahudumu wa afya upo, na ninaowajua wameenda. Lakini kuna mitihani ya lugha, usajili na nauli, na yote hayo yanataka pesa kabla ya pauni ya kwanza. Usiziingize pauni kwenye hesabu ya leo.

Kwa hiyo: umepata nafasi chuo cha umma, chukua HELB bila woga, ila omba kile unachohitaji tu, na anza kuweka akiba ya miezi ile ya kusubiri ukiwa bado chuoni, hata kama ni mia mbili kwa wiki. Kama nyumbani hali ni ngumu sana, fikiria stashahada ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Ni miaka mitatu, HELB inawakopesha na wao, na digrii unaweza kuiongeza baadaye ukiwa na mshahara. Ila ukiambiwa ujazie ada ya chuo cha binafsi kwa mkopo wa benki, ukitegemea mshahara kama huu wangu, usitie sahihi.