Programu ya RSS kwa kazi ya duka la fotokopi: uzoefu wangu, Chake Chake

Nina duka la fotokopi na uchapaji hapa Chake Chake, Pemba. Watu wanakuja kutoa nakala za vyeti, kuchapisha barua, kujaziwa maombi ya mtandaoni, na zaidi ya yote wanakuja kuuliza. Matokeo ya kidato cha nne yametoka? Ajira za serikali zimetangazwa? Boti kesho ipo au bahari imechafuka? Mwenye duka la aina hii asipokuwa na khabari, wateja wanahamia kwa mwenzake anayejua. Kwa hiyo kufuatilia mtandao kwangu mie ni kazi, si kupitisha wakati, na programu ninayoieleza hapa nimeipima kwa jicho hilo.

Ni programu ya kusomea RSS kwenye simu. Jina silitaji kwa sababu ziko nyingi, za bure na za kulipia, na tabia zao karibu ni moja. Ninayotumia ni ya bure, haina matangazo wala haikunitaka nijisajili.

Kwa asiyeijua RSS, maelezo ni mafupi. Tovuti nyingi zina faili moja la maandishi matupu nyuma ya pazia, ndani yake mna kichwa cha kila khabari mpya, tarehe, saa na anwani. Programu inayapitia mafaili hayo kama mtoto aliyetumwa nyumba kwa nyumba kuuliza kuna jipya gani, ikirudi inakupangia ulichoagiza, kipya juu, cha zamani chini. Basi. Haijui umri wako, haijui jana ulitazama video gani, wala haikuletei ugomvi wa wasanii kwa kuwa watu wengi wameubonyeza. Kitu chenyewe si kipya hata kidogo. Kilianzia Netscape, kampuni iliyotengeneza kisakuzi cha mtandao, mwaka 1999, na Google nao walikuwa na kisomeo chao, Google Reader, walichokifungua 2005 na kukifunga tarehe 1 Julai 2013. Wengi wakadhani RSS imekufa siku ile. Kumbe hata podikasti unazosikiliza leo, nyingi zinakufikia kwa njia hiyo hiyo.

Kabla ya hapo khabari zangu zote zilikuwa WhatsApp. Grupu la mtaa, la skuli ya watoto, la wazazi, la wafanyabiashara, la harusi iliyokwisha zamani na hakuna aliyetoka. Ukiamka asubuhi unakuta mamia ya jumbe, na humo ndani pengine moja ndiyo ya maana, imefunikwa na dua, picha za maua na "imetumwa mara nyingi". Sisemi grupu halina faida. Maji yakikatika mtaani, hakuna tovuti itakayonambia haraka kuliko jirani. Lakini grupu halina tarehe. Tangazo la mwaka juzi linaingia leo na sura mpya kabisa, watu wanalichukua.

Kuiweka programu si kazi. Nilianza na idhaa: BBC Swahili, DW Kiswahili, RFI Kiswahili, na habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili. Hizi zote zina milisho yao, yaani yale mafaili niliyoyaeleza, unaandika jina, inajitokeza. Kazi inaanza ukitaka za nyumbani. Hapo ndipo niliposaidiwa na kijana mmoja mwanafunzi wa kompyuta, akanionesha kwamba tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ukiiongezea mkwaju (alama hii: /) na neno feed mwisho wa anwani yake, mara nyingi mlisho unafunguka hata kama mwenyewe hajawahi kuutangaza. Zile blogu za Blogger nazo zina njia yao, feeds/posts/default. Blogu nyingi za Kitanzania za ajira na matokeo zimejengwa kwa hivyo viwili, kwa hiyo nilivuna. Hata chaneli za YouTube zinaingia, na hilo sikulitegemea: hotuba, mihadhara, taarifa ya khabari, zote zinajipanga kwa tarehe bila ile foleni ya video za kukutega pembeni.

Sasa nieleze faida yake kwa mfano, maana kusifu tu ni rahisi.

Kijana kaja dukani na simu mkononi, kaniamkia, kanionesha picha ya tangazo la kazi.

"Dada, nitolee hii, na unijazie na fomu. Mwisho kesho."

"Nani kakuletea?"

"Binamu yangu. Yeye kaipata kwenye grupu."

Lilikuwa na nembo, lina orodha ya nafasi, lina masharti, na chini kabisa namba ya simu ya kutuma "ada ya fomu". Programu yangu ina sehemu ya kutafuta, na nimeiamuru isifute khabari za zamani. Nikaandika maneno mawili ya kichwa cha tangazo. Likaja lile lile, la mwaka uliopita, kutoka blogu moja ya ajira: nafasi zile zile, masharti yale yale, hata neno lililokosewa herufi kwenye mstari wa pili liko vile vile. Kilichobadilika ni tarehe ya mwisho na ile namba ya simu, ambayo kwenye tangazo la asili haikuwepo kabisa. Nikampa simu asome mwenyewe. Kasoma, karudi juu, kasoma tena. "Na mie nishamtumia mwenzangu," kasema, akakaa kwenye benchi kupiga simu.

Nimekosa pesa ya nakala na ya fomu, sawa. Lakini toka siku ile vijana wa mtaa wao wakipata tangazo wanaanza kwangu. Na mie nawaambia jambo ambalo halihitaji programu yoyote: tovuti ya serikali ya Tanzania, Bara na Zanzibar, inaishia na go.tz. Ikiishia na kitu kingine, hata ikiwa na picha ya bendera, usijaze kitambulisho chako.

Jambo la pili lililonifanya niithamini ni mwezi Mei 2024. Mwanzo wa mwezi ule kulikuwa na kimbunga Hidaya. Boti za Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na huku Pemba, ambako kila nyumba ina mtu wake upande wa pili wa bahari, hakukuwa na mazungumzo mengine. Grupu zilijaa video za mapaa yanayopeperushwa na mawimbi marefu kama minazi, nyingine na magari yenye namba za nchi ambazo hata sizijui. Mie nilikuwa nasoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kadiri vyombo vya khabari vilivyokuwa vikizitoa, zimejipanga kwa saa: ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Mpangilio ule ndio uliokuwa na thamani. Taarifa ya kimbunga ya jana jioni si ya leo asubuhi, na anayekuforwadia hakwambii ipi ni ipi. Kimbunga kikaingia nchi kavu Mafia tarehe 4, kikafifia, tukashukuru Mungu.

Kabla hatujapumua, Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zikakatika kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa ya kubahatisha. Dukani kwangu siku zile ilikuwa balaa: fomu hazifunguki, barua pepe zinazunguka tu, mteja anakutazama kama wewe ndiye uliyekata waya. Hapo nikaona uzuri mwingine. Programu ilikuwa imeshavuta khabari alfajiri na makala kamili zimo ndani ya simu, zinasomeka bila mtandao. Na mtandao ukirudi hata dakika chache, faili la maandishi matupu linapita pale ambapo ukurasa wenye picha na matangazo umekwama katikati. Nilikuwa najua nini kimetokea baharini wakati wenzangu bado wanazima na kuwasha simu.

Kuhusu bando, kwa hiyo, naisifu bila kusita. Mpangilio wangu ni huu: makala kamili zivutwe kwa WiFi ya dukani tu, picha zisivutwe kabisa, na vichwa vya khabari viulizwe kila baada ya saa. Nikiwa njiani kwenda Mkoani kupokea mzigo nasoma ndani ya daladala na bando langu halitikisiki. Tahadhari moja: kuna simu zinazoua programu zisizofunguliwa ili kuhifadhi chaji. Ukiona asubuhi hakuna jipya, nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi hata ikiwa imefungwa, maana programu nyingi hazikwambii.

Sasa kasoro, na hazikosekani.

Ya kwanza ndiyo inayoniudhi zaidi. Mlisho ukifa, programu hailii. Tovuti ikibadilishwa muundo, faili linahama au linaondolewa, na wewe huku unaona kimya tu, unadhani hakuna khabari. Kuna taasisi moja ambayo matangazo yake ndiyo riziki yangu, ikafanya tovuti mpya, nzuri ya kupendeza, na mlisho ukapotea humo. Nimekuja kujua baada ya mteja kunambia tangazo limetoka zamani. Siku hizi kila Ijumaa, kabla sijafunga duka kwa sala, napitisha jicho kwenye orodha kuangalia nani kanyamaza muda mrefu. Programu nzuri ingefanya hivyo yenyewe.

Ya pili, matangazo yetu mengi hayaandikwi, yanapigwa picha. Barua inachapishwa, inatiwa muhuri, inapigwa picha kwa simu, inapandishwa Instagram, na mambo yamekwisha. Pale hakuna maandishi ya kutafuta wala mlisho wa kufuata, na asiye na Instagram ajijue. Wengine walikuwa wakitegemea X (Twitter ya zamani), na X nayo Mei 2025 ilifungiwa nchini, ikawa haifunguki bila ya kuzungukia njia nyingine. Khabari za dunia, za Bara, za mpira, programu inanitosheleza. Za Pemba yenyewe, nusu. Nusu nyingine bado iko kwa sheha, kwenye ubao wa matangazo na barazani.

Ya tatu ni kasi, na mfano wake ni mwandamo wa mwezi. Usiku wa mwezi 29 Ramadhani hakuna anayetaka kusubiri programu iulize baada ya saa. Watu wameshakula futari, wameshatoka nje kutazama, simu zinapigwa Wete, Konde, Unguja, Mombasa. Huyu kasikia umeonekana, yule kaambiwa bado, mafundi cherehani wanasubiri kujua kama wakeshe au walale. Usiku ule redio ndiyo mwenyewe: ZBC iwashwe, tangazo la Mufti lisikike kwa masikio, liishe. (Na hata likishasikika, wapo watakaosali Idi siku nyingine kwa kufuata mwezi wa kwengine, na hilo halina programu ya kulitatua.) Nilipofungua simu yangu khabari ya mwandamo ilikuwa imeingia, kweli, lakini mtaani watoto walishaanza kupiga kelele kitambo.

Mama yangu niliwahi kumuwekea kwenye simu yake, nikamchagulia idhaa na mawaidha. Kaitazama, kaniuliza, "Mwanangu, hapa nawajibu wapi?" Nikamwambia hapajibiwi mama, panasomwa tu. Karudi kwenye grupu lake la ukoo. Sikumlaumu. Khabari kwake ni mtu unayemjibu, unamuuliza kaamkaje na mgonjwa yuko vipi, na programu hii haina hilo.

Mwalimu, mwandishi, mwenye duka kama langu, mwanafunzi anayetafuta udhamini wa masomo, yeyote ambaye tarehe kwake ni pesa, aichukue leo. Aanze na milisho michache tu. Mie nilijaza kila kitu nilichokiona, ikawa kero kama grupu, ikabidi nipunguze hadi nikabaki na ile ninayoifungua kweli. Na ukibadilisha simu, kwanza toa orodha yako: mipangilio ina sehemu ya kuihifadhi kama faili la OPML, litume kwenye barua pepe yako, ukilifungua kwenye simu mpya orodha inarudi nzima, hata kama umehamia programu nyingine kabisa.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya milisho inayokufa kimya kimya. Ya pili si kosa la programu, ni la ofisi zinazopiga picha barua badala ya kuziandika kwenye tovuti zao. Wakianza kuandika, nitairudisha.